Risasi Zilizolala Chini ya Mtungi

Ukungu wa kiangazi ulikuwa umejaa bondeni, mweupe, mzito, hata vilima vya kule Wamaza vilionekana vinaelea tu. Christophe alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, bunduki ndefu ya marehemu baba yake mbele yake, na risasi mbili tu ndizo zilizobaki. Lakini hakuwa akiwaza mnyama. Alikuwa akimuwaza Chimène, mke wake.

Maana nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Tangu msimu wa baridi ya asubuhi uanze, kila akipiga, risasi inakwenda chini. Kulungu anasimama ng'ambo ya bonde, vumbi linaruka miguuni pake, anatazama, anajiendea zake. Na kwao, mwindaji akikosa namna hiyo, bunduki hailaumiwi. Analaumiwa mke! Eti kuna kitu anaficha, ugomvi au mwanaume. Ndiyo maana jana Shangazi Naomie, dada ya baba yake Christophe, alimsimamisha Chimène uani mbele ya bunduki, mtoto mgongoni, aseme yaliyo moyoni.

"Hakuna kitu, shangazi."

"Kiko. Sema!"

Alibanwa hivyo mpaka jua likawa kali na mtoto akaanza kulia. Mwisho alichoka. "Basi, niliitukana hii bunduki moyoni. Mutoto alikuwa na homa, baba yake akaenda porini. Nilikasirika."

"Unaona!" Shangazi akapiga makofi. "Sasa iko safi. Kesho akikosa tena, ni kwamba iko mwanaume unamuficha, na utarudi kwenu Lusangi."

Na Christophe je? Alikuwa pale pale, ameketi kwenye kigoda, mdomo umefungwa. Kibaya zaidi, moyoni alikuwa akijiuliza kama si kweli.

Jua lilianza kuchungulia. Risasi zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, zinamuuma vidole, akaziweka juu ya mwamba. Macho yakawa mazito. Ukungu ukamwingia kichwani taratibu, akamuona baba yake jikoni, moshi umemzunguka, ananyoosha mkono juu ya uchanja, pale juu ya moto wanapokaushia samaki na mahindi. Akatoa risasi katikati ya samaki, akazitia ndani ya shati, zikagusana na tumbo lake, akacheka. "Zinapenda joto hizi," alisema. "Kama watoto." Harufu ya samaki ilikuwa tamu, na Christophe alitamani abaki humo humo.

Alipozinduka, jua lilikuwa mgongoni mwake, kali. Akashika risasi. Zilikuwa na joto.

Mungu wangu! Miaka yote risasi zililala kwenye uchanja. Hata kile chuma cha kulengea kilicho juu ya mtutu, mzee alikigonga akakirekebisha kwa kujaribia risasi zenye joto, na akienda porini alizibeba ndani ya shati. Heri, mtoto wao, alipozaliwa, Chimène ndiye aliyesema, "Moto, baruti na mutoto, jiko moja? Hapana, Baba Heri." Yeye mwenyewe Christophe alicheka, akauchukua mkebe wa risasi, akaufukia kwenye mchanga wenye maji chini ya mtungi. Nyumba nzima hapakuwa na mahali pa baridi kuliko pale. Baruti ilikuwa imezizima, imekuwa vivu, ndiyo maana risasi ilichoka kabla ya kufika.

Kulungu akatoka kwenye ukungu. Akasimama ubavu, manyoya yanang'aa kwa umande. Christophe akatia risasi yenye joto, akalenga, kidole kikaanza kukaza.

Akasita. Kulungu akianguka, Shangazi atasema nini? Atasema bunduki imetakaswa kwa lile ungamo, kwa hiyo Chimène alikuwa na kosa kweli. Na akikosa, Chimène anakwenda Lusangi. Wee! Akipiga, mke ana hatia. Akikosa, mke ana hatia. Akatoa kidole, kisha akaitoa na risasi. Kulungu akala majani yake kwa raha zake, ukungu ukamfunika tena.

Nyumbani alikuta furushi la Chimène limeshafungwa, na Shangazi ameketi mlangoni. Risasi moja aliifukia chini ya mtungi. Nyingine alimpa mke wake. "Itie kwenye kitenge, Mama Heri, hapo kwenye tumbo la mutoto." Halafu akaenda kuchora duara kwa mkaa kwenye kichuguu, kule mwisho wa shamba, mbali kama ng'ambo ya bonde.

Walingoja mpaka ile ya chini ya mtungi ikapoa. Akapiga kwanza ile ya mtungini. Vumbi likaruka chini kabisa ya kichuguu.

"Si nilisema!" Shangazi akaguna.

Chimène akampa ile ya mgongoni. Akapiga. Duara la mkaa likavunjika katikati.

"Kumbe!" alisema Shangazi, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Ni baridi, shangazi. Muke wangu hana kosa." Furaha ilimjaa Christophe, akamgeukia mke wake akitabasamu.

Chimène hakutabasamu. "Bunduki umeiuliza, ikakujibu. Mimi jana nilisimama pale na mutoto analia. Mbona mimi haukuniuliza?"

Aibu ilimshuka Christophe mpaka miguuni. Alitafuta uongo, akaukosa. "Nilikushuku," alisema.

"Nilijua." Alimfuta mtoto pua, akakaza kitenge. "Basi twende Lusangi. Utasimama mbele ya mama yangu, useme yaliyo moyoni. Mimi nitakaa kwenye kigoda."

Christophe akaiegemeza bunduki ukutani. Akalibeba furushi kichwani, majirani wote wakimtazama, akamfuata mke wake njiani.