Rasimu Aliyosoma Cliff

Atakayekuambia wanatakwimu ni watu wapole, wasioua hata nzi, mlete idarani kwetu Minnesota akae muhula mmoja. Mimi nafundisha hapa kwa mkataba. Kura sina, lakini macho ninayo, na macho hayana pazia.

Niligawana ofisi na Maren Tollefsrud, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho wa majaribio. Theluji ikianza kuyeyuka, maprofesa wakubwa wangepiga kura: abaki moja kwa moja au afungashe. Walitaka kuona makala moja kwenye jarida lile ambalo likikukubali, hata wasiokujua wanakuamkia koridoni. Maren aliandika kuhusu wagonjwa wanaopotea katikati ya utafiti, wengine wamehama, wengine wamekufa bila daktari kupata habari, na jinsi ya kukisia wangeishi muda gani. Profesa Cliff Banaszak alikuwa na njia yake ya kukisia, ya zamani, ndiyo iliyompa jina. Njia ya Maren iliishinda kwenye kila jedwali.

Kwetu hutumi makala kabla mkubwa hajaipitia. Maren akampelekea Cliff, naye akaja mwenyewe ofisini kwetu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Binti, umenichapa mbele za watu!"

"Sikukusudia, mzee. Ni hesabu tu zilivyotoka."

"Aa, wacha we! Sayansi haina baba mkwe. Kazi safi hii. Tuma."

Maren alifurahi mpaka akaninunulia chakula cha mchana. Baada ya siku chache akaona mwenyewe kwamba uthibitisho wa tatu una tundu. Alikuwa amechukulia kwamba wanaopotea ni sawa na wanaobaki, wakati makala nzima inasema si sawa. Alilia chooni, akanawa uso, akautupa uthibitisho wote na kuandika mwingine, mgumu zaidi na wa kweli. Akaipunguza makala ifike kurasa zinazoruhusiwa na kufuta jina lake kila mahali, kwa sababu jarida lile linaficha majina: msomaji hajui anapima kazi ya nani, anayemchagua msomaji hajui pia, na mwandishi hatajiwa aliyempima. Ukiitambua kazi ya mwenzako, uungwana ni kuirudisha. Hakuna anayekulazimisha.

Jibu lilikuja katikati ya baridi. Imekataliwa. Msomaji wa kwanza aliisifu. Wa pili aliichana: mwandishi hajui misingi, uthibitisho wa tatu ni wa aibu, anachukulia wanaopotea ni sawa na wanaobaki.

"Subiri," Maren akasema. "Kitu hicho hakimo."

Tukaifungua makala aliyotuma. Hakikuwemo kweli. Kilikuwa kwenye rasimu ya kwanza, na rasimu ile aliwahi kupewa mtu mmoja tu. Mvivu yule hata hakufungua aliyotumiwa na jarida; aliichana ile iliyokuwa tayari mezani kwake. Kikulacho, jamani! Nilitamani nikamtoe ofisini kwa shati.

Maren alinitangulia, nami nikamfuata hadi mlangoni kwa Cliff.

"Ni wewe," alimwambia.

Cliff hakubisha. "Jina lako halikuwepo. Nilipima kazi, sikukupima wewe."

"Uliliona hilo tundu tangu siku ile?"

"Ukurasa wa kwanza wa uthibitisho."

"Ukaniambia nitume!"

"Mtu anayetaka kukaa hapa lazima aone mwenyewe, binti."

"Niliona mwenyewe! Nikaziba!"

"Basi hongera," Cliff akasema, akageukia kompyuta yake.

Maren alienda kwa mkuu wa idara, Lorna Vickery, na ripoti ya msomaji wa pili mkononi. Lorna aliisoma yote, akamrudishia kwa vidole viwili.

"Majina ya wasomaji ni siri, mpenzi. Siwezi kuzungumzia jambo ambalo hata kulijua siruhusiwi."

Mhariri wa jarida, nimpe haki yake, alijibu vizuri Maren alipomwandikia. Aliomba radhi, akamwondoa msomaji yule, akaahidi makala itasomwa upya na mwingine. Ila usomaji huchukua miezi, na kura haikusogezwa hata siku moja.

Mkutano wa kura ulikuwa wa siri, kwa hiyo kufika jioni tulikuwa tunajua kila neno. Cliff alisimama akasema anampenda Maren kama mwanawe, tena imemuuma sana, lakini jarida limemkatalia na wao wafanye nini? Lorna akainamisha kichwa, kimya. Mikono ikanyooshwa. Maren akafungasha, akaenda Omaha kwenye kampuni ya bima, kukisia wateja watakufa lini.

Kiangazi makala ikakubaliwa, bila kubadilishwa hata mstari. Kazi ilifanyika kwetu, kwa hiyo ilichapwa na jina la idara yetu. Lorna akaitundika kwenye ubao wa mlangoni, na chini yake: "Fahari yetu." Palikuwa na keki. Cliff alikula vipande viwili.

Nikampigia Maren nikidhani nampelekea furaha.

"Nimesikia," alisema. "Wameitundika?"

"Mlangoni kabisa."

"Na uliposikia Lorna alikaa kimya kwenye kura, wewe ulimwambia nini?"

"Maren, mimi sina kura."

"Sikuulizia kura. Nimeuliza ulimwambia nini."

Alinisubiri kwa heshima kabisa, kisha akakata simu.