Mzee wa Mabomba na Nyuso Zake Zote

Fundi bomba alifukuzwa mlangoni mwa kiwanda cha mikate alikozibua mabomba tangu kichwa chake kikiwa na nywele.

"Kanyaga hapa tena uone!" meneja alifoka. "Umeiunguza tanuri yetu kwa nyaya zako, leo unakuja na spana?"

"Nyaya? Mimi na umeme hata hatusalimiani!"

"Zamu ya usiku ndiyo iliyokupokea. Picha hii simuni si wewe?"

Alikuwa yeye, kipara na vyote. Fundi umeme, nyota moja.

Damu ikamchemka. Alijua pa kwenda: kwa mpwa wake, mwenye programu ya simu ya kuwaunganisha mafundi na wenye biashara. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha mle. Njiani akaipekua. Fundi rangi: yeye, kavishwa miwani. Mhasibu: yeye, na tai. Yaya: yeye, kajitanda mtandio, anachekelea kama aliyenyonyesha mtaa mzima.

"Mjomba, tulia," mpwa alimnong'oneza mlangoni mwa ofisi. "Wateja wakiona watu wachache wanakimbia. Uso wako unaaminika. Ikija kazi natuma yeyote aliye karibu. Mafundi halisi tutawajaza mbele ya safari."

"Mbele ya safari! Na mimi umenishusha wapi?"

"Ongea taratibu, mama mwenye hoteli yumo ndani, anataka kusaini."

Mjomba akausukuma mlango.

"Shikamoo, mzee," mwenye hoteli alisema. "Nasubiri kuonyeshwa mafundi."

"Marahaba, mwanangu. Wote wamefika." Akavuta kitambaa cha meza, akajitanda. "Yaya huyu hapa. Mhasibu atakuja nikipata tai."

Yule mama akatazama simu yake, akamtazama yeye, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga.

"Umenimaliza, mjomba! Ndiyo kwanza tunakua!"

"Mnakua kwa kunila mimi! Wafute wote. Kisha mpigie meneja wa mikate, useme kwa mdomo wako nani alimpelekea yule mchoma tanuri."

Mpwa alifuta, akapiga, akajieleza huku jasho likimtoka. Meneja akamkata kauli: "Acha kuigiza, mzee! Hata sauti yako naijua."

Simu ikakatwa. Mjomba akamshika mpwa mkono, kitambaa kikingali kichwani.

"Vaa viatu. Twende meneja atuone tuko wawili."