Mkifika Pande Hizi

Kwa miaka thelathini na mmoja niliwafundisha watoto wa shule ya kati ya Yokote namna ya kuandika barua. Barua njema, niliwaambia, ina sehemu nne: huanza na majira ya mwaka, ikafuata afya ya anayeandikiwa, kisha haja yenyewe, na mwisho maneno ya kuagana. Nilikuwa mkali hasa katika sehemu ya mwisho, kwa kuwa ndipo watoto hupotea. Kadi ya kuhama nyumba, kwa mfano, humalizika kwa sentensi moja isiyobadilika: "Mkifika pande hizi, msiache kupita kwetu." Mwanafunzi mmoja alipata kuniuliza, "Na wakipita kweli, Mwalimu?" Darasa zima likacheka. Nikamjibu kwamba sentensi ile ni kama uzi wa kufungia zawadi: sharti uwepo, lakini hakuna anayeula.

Novemba mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka sitini na saba, niliula uzi.

Kadi ilitoka kwa Mwalimu Tsukuda, aliyefundisha hesabu. Kwa miaka kumi na minane meza yake na yangu ziligusana katika chumba cha walimu. Mumewe alipofariki alihamia Fukuoka, kusini kabisa, kwa binti yake. Kadi ilikuwa imechapishwa dukani, na sentensi ile ilikuwa mahali pake. Chini yake palikuwa na maneno machache ya kalamu, kwa ule mwandiko wake wa tarakimu: "Huku hakuna theluji."

Niliiweka kadi hiyo kwenye droo kwa miaka miwili. Tangu nistaafu, simu yangu ilikuwa ikilia kwa kukosewa namba tu, na wakati mwingine nilimzuia aliyekosea kwa dakika moja zaidi, nikimsaidia kutafuta alikokosea. Majira ya baridi yaliyotangulia safari hiyo nilianza kujiuliza jambo ambalo halikuniacha tena. Je, ile miaka kumi na minane ilikuwa urafiki, au ilikuwa mpango wa meza tu? Hapakuwa na mtu mwingine wa kunijibu isipokuwa yeye.

Tatizo lilikuwa sharti lililomo katika sentensi. Mkifika pande hizi. Mtu hawezi kutoka Yokote, akabadilisha ndege Tokyo, akavuka nchi nzima, kisha akagonga mlango na kusema amekuja kusalimia. Huo ni mzigo kwa mwenyeji, deni atakaloshindwa kulilipa. Ilinipasa kwanza niwepo pande zile kwa sababu nyingine. Nami sikutaka kusema uongo, kwa hiyo niliamua kutalii kweli. Nilinunua kitabu cha watalii, nikachora ratiba ya siku tatu: siku ya kwanza mnara na ufuo, siku ya pili bustani na ziwa, siku ya tatu, saa saba mchana, kupita.

Siku ya kwanza niliifuata ratiba bila kukosea. Juu ya mnara vijana wawili wa Kikorea walinipa simu yao niwapige picha, na familia iliyokuwa nyuma yao ikaona kwamba ninajua kazi, ikanipa ya kwao. Mpaka jioni nilikuwa nimewapiga watu picha mara tisa. Nilikula tambi za mchuzi wa mifupa katika mkahawa ambamo kila mlaji hukaa katika kijichumba chake cha mbao, na bakuli huletwa na mikono tu kupitia dirisha dogo. Niliiambia ile mikono asante. Ikainama kidogo, kwenye vifundo.

Siku ya pili nilikwenda ziwani, kwenye boti za kukanyaga zenye umbo la batamaji. Mzee aliyekuwa akizisimamia alitazama nyuma yangu.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mwenzio anakuja?"

"Haji."

"Haya. Basi kaa katikati, mama, tena katikati hasa. Ukikaa upande, huyu bata atainama kama mlevi anayetafuta kiatu chake."

"Hakuna kiti katikati."

"Ndiyo tabu yenyewe! Waliomtengeneza walidhani kila mtu ana mtu." Akanitazama usoni. "Wewe wa kaskazini, eh? Unaongea mdomo umefungwa. Mnaogopa theluji itaingia?"

"Huingia," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekuja kumwona nani?"

"Sijaja kumwona mtu. Natalii."

"Peke yako? Novemba hii? Mama, mtu hatoki huko kwenu kuja kumkanyagia bata wa plastiki. Haya, nenda, nenda. Siri yako tunza mwenyewe."

Niliweka mkoba kwenye kiti cha pili, lakini haukuwa mzito wa kutosha. Bata aliinama, akaanza kukata duara. Watu wawiliwawili walinipita wakicheka, si kwa ajili yangu. Kutoka ufukweni mzee alikuwa akipiga kelele, "Taratibu! Unamtia kizunguzungu!" Nilimaliza dakika thelathini zote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa katika ratiba.

Siku ya tatu, saa saba kamili, nilisimama katika ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa kumi na moja. Mlango wa nje ulikuwa wazi kwa wote. Wa ndani hufunguliwa na wenyeji tu, na mgeni hubonyeza namba ya nyumba kwenye kifaa chenye kamera, kisha hungoja sauti. Nilikuwa na zawadi ya kwetu mkononi: figili iliyokaushwa kwa moshi na kutiwa chumvi. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotelini. Nikabonyeza mia nane na nne.

"Nani?"

"Ni Nonaka. Wa Yokote."

"Mwalimu Nonaka? Yuleyule? Kuna msiba?"

"Hapana, hapana, hakuna aliyekufa. Nilikuwa pande hizi nikitalii, nikaona si vyema nipite bila kukusalimu."

"Aa, unatalii!" Sauti yake ilishusha pumzi. "Vizuri sana. Basi una ratiba kamili, nakujua mimi. Sitaki kukuchelewesha."

Hapo nikaona nilichokuwa nimejifanyia. Niliijenga safari nzima ili nisiwe mzigo kwake, na sasa yeye, kwa adabu ileile, alikuwa akijitahidi asiwe mzigo kwangu. Mtu aliyeambiwa kwamba mgeni anapita hana ruhusa ya kumzuia.

"Ratiba ipo," nikasema, "lakini si ya kubana."

"Usinifiche, Mwalimu. Wewe hata chai ya mapumziko uliiandikia dakika! Kuna mnara, umeshauona? Watu wanausifu."

"Nimeuona."

"Na ziwa?"

"Na ziwa. Mwalimu Tsukuda..."

"Nashukuru sana kwa kunikumbuka. Ni vile tu leo nyumba imekaa vibaya, ningeku..."

Kifaa kikalia mara moja, kioo chake kikazimika. Kimewekewa muda, na muda ulikuwa umekwisha.

Kwa kanuni zote nilizowafundisha wengine, ziara yangu ilikuwa imekamilika, tena kwa heri. Mgeni amesalimu, mwenyeji ameshukuru, hakuna aliyeona haya. Barua ingefungwa hapo. Ningeweza kurudi Yokote na swali langu kama nilivyolileta. Kubonyeza mara ya pili ni jambo linalofanywa na wauza magazeti.

Nikabonyeza.

"Ndiyo?"

"Nilisema uongo," nikaiambia kamera. "Sikuwa pande hizi. Nimetoka Yokote kuja kwako. Ziwa nililiona ili nipate cha kusema."

Nilihesabu, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Nilifika kumi na nne.

"Nashuka," akasema.

Sikukosa kutambua kwamba hakusema "panda".

Alitoka kwenye lifti akiwa amevaa aproni. Alikuwa amepungua, na nywele zake hakuzitia rangi tena. Tuliinamiana, mara mbili mimi, mara tatu yeye, kisha tukaketi kwenye benchi pekee lililokuwa pale, bega kwa bega, tukiutazama ukuta wa masanduku ya barua.

"Mkwe wangu anafanya kazi usiku," akasema. "Saa hizi kalala. Nyumba ni vyumba viwili na sebule, na mimi nalala sebuleni. Nikimaliza kuamka nakunja godoro, sipo tena." Akaunyoosha upindo wa aproni. "Sina pa kukuketisha, Mwalimu. Huko juu hata mimi ni mgeni. Ungeniandikia kwanza ningekukataza."

"Ndiyo maana sikuandika."

"Na ile kadi, mbona hata siyo mimi? Duka ndilo lililoiandika. Nilichagua namba tatu. Namba mbili ilikuwa na maua."

"Najua. Sentensi ile nimeifundisha."

"Halafu wewe ndiye ukaja!" Akanigeukia. "Kadi mia moja na tisa nilizotuma, aliyekuja ni mwalimu mzima wa barua! Angefanya hivyo mwanafunzi wako ungempa ngapi?"

"Sifuri."

"Na wino mwekundu!"

"Na wino mwekundu."

Tukacheka tukiwa tumeziba midomo, kama tulivyokuwa tukicheka mkuu wa shule akihutubia. Nikampa figili. Aliisogeza puani ingali ndani ya plastiki, akakaa hivyo kwa muda.

"Siwezi kupanda nayo," akasema. "Mkwe hapendi harufu. Alinunua hata kile kimashine cha kusafisha hewa, nikikaanga samaki kinapiga kelele. Kinanisema kuliko mwenyewe."

Kisha mwanamke huyu, ambaye kwa miaka kumi na minane sikupata kumwona akila hata biskuti bila kisahani, aliichana plastiki kwa meno, akamega kwa mkono, akanipa kipande. Tulikula. Mwanamume mmoja alipita na mfuko wa takataka, akanusa, akatusalimu, akaenda zake.

Nikaona kwamba nisipouliza wakati huo sitauliza tena.

"Mwalimu Tsukuda, tulikuwa marafiki sisi?"

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Hukupata kunikaribisha kwako," akasema. "Hata siku moja. Nilipita mbele ya nyumba yako kila siku nikienda kituo cha basi. Taa naiona. Nilidhani ndivyo unavyopenda."

"Nawe hukunikaribisha kwako."

"Nilikufuata wewe! Nilisema, huyu anapenda mambo yakae mahali pake, nikimwita nitamwudhi."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayependa hivyo."

"Mimi? Mimi nilikuwa napika vya watu watatu, tunakula wawili." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, bila lawama, kama mtu anayesoma jibu la mwisho la hesabu ndefu.

Ukumbi ule hauna dirisha, na taa yake huwaka kwa kuhisi anayesogea. Tulipokuwa tumetulia kwa muda, ilizimika. Mwalimu Tsukuda akainua mkono, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, ikawaka. Ilipozimika tena niliinua wa kwangu. Hatukupanga zamu, lakini zamu ilikuwapo. Nilihesabu mara sita. Katika safari yote ile, na pengine katika miaka yote tangu nistaafu, hapo ndipo nilipokaa na mtu. Na kila taa ilipowaka nilimwona akiitazama saa iliyokuwa juu ya masanduku ya barua.

"Saa nane na nusu namfuata mjukuu," akasema mwishowe. "Nikichelewa, shule humpigia mama yake kazini."

"Usichelewe."

Alikung'uta makombo kwenye aproni, akaikunja plastiki mara nne, akaitia mfukoni. Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali, kweli hakuna theluji huko. Tuliinamiana tena mbele ya mlango, safari hii sawasawa, mara tatu kila mmoja.

"Kituo cha treni kiko kushoto," akasema. "Shika kushoto moja kwa moja, huwezi kukosea. Mimi naenda kulia."

Kituo kilikuwa kulia. Nilikuwa nimetoka huko saa moja na nusu kabla, na ramani ya mji ule nilikuwa nayo kichwani kwa siku tatu. Labda alikosea, mtu aliyeishi hapo miaka miwili bila kwenda popote isipokuwa shuleni kwa mjukuu. Au labda hakutaka tutembee njia moja, uso wake ukionekana. Sikumsahihisha.

"Asante," nikasema, nikashika kushoto.

Sikugeuka. Barabara ilipita nyuma ya majengo yaliyofanana na lake, ikaishia kwenye ua wa ghala la vigae. Nikasimama hapo mbele ya lango lililofungwa, na mbwa akanibwekea kwa ndani mpaka akachoka. Nilingoja dakika kumi, nikizitazama kwenye saa, hata nilipokuwa na hakika kwamba amekwisha kuvuka barabara kuu na kuingia kwenye lango la shule. Ndipo nilipogeuka nikaanza kuelekea kituoni.