Chupa ya Kabati la Kioo

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Mei, saa nane mchana, ndipo dunia ilipompasukia fundi masofa. Mkewe alikuwa wodini, kifua kimembana, nesi akasema anahitaji mtungi wa oksijeni. Mitungi ilikuwepo stoo, tele. Ufunguo ndio haukuwepo. Mkuu wa stoo yuko semina, msaidizi wake hapatikani, na mkubwa wa hospitali akatoka na tai yake kusema watu watulie, jambo linashughulikiwa. Likashughulikiwa mpaka mama watoto akanyamaza.

Tangu hapo fundi hakukanyaga duka la vinywaji la pale kona. Zamani walikwenda wawili, kila mwisho wa mwezi, kuchagua waini wasiyoijua. Mchezo wenyewe waliuanza ukubwani, watoto walipokwisha kuhama. Chupa ya kwanza iliwakunja nyuso utadhani wamelamba betri. Mkewe akaingia jikoni, akarudi na bakuli la sukari, akakoroga vijiko viwili kila glasi.

"Sasa ndiyo kinywaji," akasema. "Ile ya mwanzo ilikuwa adhabu."

Basi wakawa watu wa tamu tu. Mama muuzaji, mdomo haupumziki, akawabatiza Maharusi wa Sukari. Akawaonjesha nyekundu ya zabibu zilizoiva sana, akawaonjesha nyeupe inayonukia maua, hata ya mapovu iliyompigisha mkewe chafya. Tamu kuliko zote, ya rangi ya asali, ilikaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Mkewe hakutoka dukani bila kuligonga kwa ukucha: "Wewe, siku yako inakuja!"

Jumamosi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, alichoka kumwona amejikunyata kwenye sofa za watu. Akamburuta mpaka dukani.

"Bwana harusi! Mmenitupa!" muuzaji akapaza sauti. "Bibi harusi kabaki wapi?"

Fundi akatazama sakafu. Shemeji ndiye aliyesema. Muuzaji akajishika mdomo.

"Pole, kaka yangu. Pole sana." Kisha, kwa kukosa la kufanya, akashika chupa ya karibu. "Hii haina sukari nyingi, lakini ukishaizoea..."

"Sitaki kuzoea kitu. Nipe ile ya kabatini."

Muuzaji akavuta uzi shingoni, ufunguo ukachomoza kifuani, kufuli likafunguka. Mara moja tu, kama kupepesa jicho. Fundi akapokea chupa, macho kwenye ufunguo.

"Na ukiwa hupo?" akauliza.

"Mwingine anao mume wangu, mwingine uko kwa mlinzi. Mteja hasubirishwi, kaka."

"Umesikia, shemeji?" Fundi akamgeukia. "Funguo tatu. Za pombe."

"Twende nyumbani, shem."

Nyumbani alimimina glasi mbili, moja akaiweka upande wa mkewe. Akaonja. Ilikuwa tamu kwelikweli, haikuhitaji hata punje ya sukari. Bakuli akalileta hata hivyo, akaliweka katikati, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, shemeji akimshika bega.

Jumatatu akarudi hospitali. Yule mkubwa mwenye tai akamkaribisha kiti, akamwambia kwamba suala la mkewe liko ngazi za juu. Fundi hakukaa.

"Mimi sina masuala, mheshimiwa. Nina swali moja. Siku ile, saa nane mchana, ufunguo wa stoo alikuwa nao nani?"