Spika Iliyotaka Kuvunja Harusi

Mume wangu Elibariki ana miaka thelathini na moja, na mama yake nimemzaa mimi. Msishtuke. Kwetu bibi na mjukuu ni watani: ananiita mke, namwita mume, na neno lisilopita mbele ya mama yake huletwa kwangu likiwa bado la moto.

Siku hiyo aliingia uani kwangu, hapa Kariakoo, saa ambayo mwenye duka hapaswi kuonekana nyumbani. Nilikuwa napepeta mchele.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kula au kuniacha?"

Hakucheka. Akakaa juu ya ndoo. "Harusi sifungi, Bibi. Nisaidie kumwambia mama. Fortunata atafute mwanamume mzima."

Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Mama yake alikuwa ameshashona hadi gauni la kuchezea. Nikaweka ungo chini.

"Kwani wewe ni nusu?"

Akatazama mlangoni. "Nilikuwa napiga punyeto, Bibi. Tangu ujanani. Nimejimaliza."

Ikabidi aeleze. Ng'ambo ya duka lake la mapazia kuna muuza dawa za mizizi mwenye spika. Ile spika huamka kabla ya maduka na hulala baada ya maduka, maneno yale yale yaliyorekodiwa: Je, ulijichua ujanani? Mgongo unauma? Macho yanafifia? Mbegu zimekauka, maumbile yamesinyaa! Mtu akisikia hivyo kutwa huku anapima pazia la mteja, mwishowe atajipima na yeye.

"Na mgongo unauma kweli," akasema. "Nikitazama simu sana macho yanawasha. Hesabu yenyewe iko wazi, Bibi. Mzigo ukitoka dukani miaka yote hiyo na hakuna kontena linaloingia, si rafu inabaki tupu?"

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha nikamwona anafuta macho kwa kiganja, nikakimeza kicheko. Alikuwa amekonda. Muuza dawa alikuwa amempa chupa ya maji meusi na kumkataza nyama na mayai, na sisi nyumbani tulikuwa tunamsifu kwamba anafunga kwa maombi ya ndoa.

"Spika imesomea wapi udaktari?" nikamuuliza.

"Bibi..."

"Beba hiyo chupa. Twende kwa aliyesomea."

Tukavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi hadi zahanati moja upande wa Gerezani. Tukaingizwa kwa Daktari Amna, mwanamke mwenye mtandio ulionyooka kuliko koti lake. Akauliza mimi ni nani kwa mgonjwa.

"Mke wake," nikasema.

Akanitazama mimi, akamtazama Elibariki. "Hongereni," akasema, uso haukutikisika. Hapo nikajua tumefika kwa mtu wetu.

Nilitaka kutoka, lakini mume wangu alinishika khanga. Basi nikageukia picha ya mapafu ukutani nikayakodolea macho kama jamaa zangu. Elibariki akayamwaga yote, hadi lile kontena. Daktari hakucheka. Hapo alinishinda.

"Kaka, mwili wako si duka, ni kiwanda," akasema. "Mbegu hutengenezwa kila siku. Zisipotoka, mwili wenyewe huzivunja na kutengeneza nyingine. Punyeto haileti utasa, haisinyazi maumbile, haipofushi macho."

"Na mgongo?"

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza mapazia. Nashusha marobota ya vitambaa."

"Basi mgongo unaumwa na marobota."

Yale mapafu yakaona meno yangu yote mawili.

Akamuuliza kama asubuhi mwili huamka kama wa wanaume wengine. Elibariki akaijibu dari kwamba ndiyo, ila tangu spika imwingie kichwani, akiwaza ndoa anaishiwa nguvu.

"Hiyo ni hofu," daktari akasema. "Mtu akiogopa, mwili nao husita. Ungekuwa unashindwa kujizuia mpaka unaacha kazi na watu, au unajiumiza, ningekupeleka kwa mshauri. Ndivyo ilivyo?"

"Hapana."

"Basi."

"Na dhambi je, daktari?"

"Hilo kamuulize mchungaji wako. Mimi nimeulizwa la mwili." Akafungua chupa, akainusa, akaifunga haraka. "Hii usinywe tena. Sijui kilichomo, na figo zako pia hazijui."

Kisha akampeleka nyuma ya pazia kumkagua. Akamkuta hana kasoro. Elibariki akatoka anafunga mkanda huku ananong'ona kwamba lile pazia ni la kitambaa hafifu na limekatwa vibaya. Nikajua mtu wangu amerudi.

Nje akanivuta moja kwa moja hadi kwa muuza supu. Akaagiza supu ya mbuzi, chapati, mayai ya kuchemsha, kisha mayai tena. Akala kama aliyetoka jela. Alipomaliza akampigia Fortunata, ambaye simu zake alikuwa anazikimbia siku zote hizo.

"Nilikuwa nimeogopa kitu," akamwambia. "Jioni nakuja nikueleze chote. Hapana, hakuna mwanamke. Hapana! Niko na Bibi." Akanipa simu.

"Shikamoo, Bibi. Huyu mume wetu ana nini?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Hana kitu. Njoo umchukue, mimi nimechoka kumtunza."

Tulipofika dukani kwake, spika ilikuwa pale pale inabweka. Je, ulijichua ujanani? Elibariki akainamisha kichwa kwa mazoea, na mimi nikaona hapana, huyu hatafungua duka lake siku zote kwa kuinama. Nikasimama katikati ya mtaa, mikono kiunoni.

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Na wajukuu wamejaa nyumba! Lete swali jingine!"

Wapagazi wakatua mizigo wacheke vizuri. Mama wa vitenge akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kuuza. Muuza dawa akainuka, akapunguza sauti, akajifanya anapanga mizizi.

Mteja mmoja alikuwa mlangoni anauliza pazia la dirisha kubwa. Alingoja sana. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya robota, kichwa juu, anacheka mpaka hawezi kusema.