Kitanzi cha Honi

Wifi yangu alininyang'anya kabureta ya gari letu kwa adabu. Aliipokea mikononi mwangu kwa mikono miwili, akasema, "Pumzika wifi, leo niachie mimi," na baba akacheka kwa furaha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa bisibisi hata begi lake hajafungua.

Kaka alimwoa, akamleta kwetu, kisha yeye akarudi kazini kwake mbali. Kabla ya ndoa wifi alikuwa fundi wa redio na simu. Vidole vyake ni vyembamba na havitetemeki. Aliifungua kabureta juu ya meza ya jikoni, akaiosha kwa petroli, akazibua jeti kwa unywele wa brashi. Jeti ni kile kitundu kidogo kinachopitisha mafuta. Siku zote niliipuliza mimi kwa mdomo, na baba alizoea kusema pumzi yangu ndiyo inayoiweza. Siku hiyo alisema, "Brashi ni bora. Kwa nini hatukufikiria?"

Mimi si msemaji. Niliendelea kumenya vitunguu, na machozi yakapata kisingizio.

Gari lenyewe tuliliita Ajuza. Lilikaa uani tangu mama akiwa hai. Jirani yetu mshona viatu alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kusema, "Hilo likiwaka, mimi nanyoa ndevu." Baba aliniahidi kwamba likiwaka, mimi ndiye nitakayekaa kiti cha mbele. Nilikitunza kiti kile. Nilikishona mwenyewe palipochanika.

Sasa nikamsikia baba akimwambia wifi, "Mkwe wangu, Ajuza akiwaka nitakuzungusha mtaa mzima."

Atamzungusha amekaa wapi? Juu ya boneti?

Kulikuwa na jambo moja ambalo wifi hakulijua. Baba hatofautishi nyekundu na kijani. Kwake zote ni rangi ya udongo. Mama alijua, nami nikajua, basi. Kwa hiyo waya za Ajuza nilizifunga nyuzi za kushonea, kila uzi na mafundo yake. Fundo moja ni taa za mbele, mawili ni indiketa, matatu ni starta. Baba alikuwa akiingiza mkono chini ya usukani, anapapasa, anajua. Ilikuwa lugha yetu, yake na yangu.

Asubuhi moja baba alitoka kwenda kununua gasketi. Nilipopita na ufagio nikaziona nyuzi zangu zote chini, zimekatwa. Wifi alikuwa ameinama ndani ya gari, anavisha waya tepu mpya. Nyekundu, kijani, kahawia. Zilipendeza kama shanga.

"Zilikuwa na uchafu uchafu hizi nyuzi, wifi," alisema. "Nimezitoa."

Moyoni nilifurahi. Nikajiambia, ngoja baba arudi, atakwama, ataniita. Nikafagia sehemu ileile mpaka udongo ukang'aa.

Baba akarudi. Akaingiza kichwa ndani, akazitazama waya kwa muda. Nikauegemeza ufagio ukutani, tayari.

"Mkwe," alisema, "hizi rangi na mimi hatufahamiani. Nyekundu ni ipi hapa?"

Alisema hivyohivyo tu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Siri ya miaka yote. Wifi hakucheka. Alimwonyesha waya mmoja mmoja, taratibu, na mimi nikauchukua ufagio wangu nikaingia ndani.

Alinifuata jikoni. "Wifi, mbona hukuniambia? Kumbe nyuzi zilikuwa na kazi, baba ameniambia. Nifundishe nizirudishe."

Ningekataaje? Tukainama wote chini ya usukani, mabega yamegusana. Nikamfundisha fundo moja, mawili, matatu. Alishika haraka, na hilo pia liliniuma. Mwisho akagusa waya mbili nyeusi. "Na hizi?"

Mmoja ni wa honi. Mwingine ulikatika zamani, hauendi popote. Ule wa honi huwa naufunga kitanzi.

"Hizo ni sawa tu," nilisema. "Unganisha wowote."

Jioni ile Ajuza alikohoa mara kadhaa, akatoa moshi, akawaka. Akatulia, akanguruma vizuri, maana kabureta ilikuwa safi kweli, siwezi kumnyima haki yake. Mshona viatu akapanda juu ya ukuta.

"Ndevu hizo," baba alimwambia.

"Mpaka nisikie honi. Gari bila honi ni toroli."

Baba akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Wifi, ambaye alikuwa ameshashika mlango wa mbele, akauachia, akainama chini ya usukani. Akapapasa, akatoka na uso uliochanganyikiwa.

Baba akanitazama kupitia kioo. "Mama, hebu njoo."

Nikaja. Nikaingiza mkono bila kuangalia, nikabadilisha waya. Baba akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Kitanzi kimekwenda wapi?"

"Nilikisahau."

"Wewe? Hujawahi kusahau hata kijiko." Hakukasirika. Hilo ndilo lililonifanya nione haya. "Mfundishe na hicho."

Nikauvuta uzi kwenye upindo wa kanga yangu. Nikamshika wifi mkono, nikamwongoza kidole mpaka kwenye waya, tukafunga kitanzi pamoja. Alinitazama, akaelewa.

Nikabonyeza honi mimi mwenyewe, kwa muda mrefu. Mshona viatu akashuka ukutani ameshika kidevu.

"Haya, pandeni," baba alisema.

Wifi alisimama kando kunipisha. Sikungoja aniambie karibu. Nilikaa mbele, nikafunga mlango.

"Njoo nyuma hapo," nilimwambia. "Lakini nusu ya safari tutabadilishana."

Baba alipofika kona ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kufikiria nusu ya safari ni wapi, na jinsi ya kuisogeza mbele kidogo.