Pedali ya Kuanza Upya

Daktari Agnela alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye ile mashine ya mazoezi ya upasuaji kule hospitalini Engutoto, na hakuna aliyebisha, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutobisha. Vyuma viwili virefu mikononi, macho kwenye skrini, tumbo la kompyuta mbele yake: anatoa uvimbe kwenye mfuko wa mayai kama anayemenya ndizi za machalari. Akikosea, damu ikitapakaa, anakanyaga pedali iliyo chini ya meza. Skrini inafutika, tumbo jipya linakuja, safi kabisa, maisha yanaendelea. Wenzake wote walifanya hivyo. Nani akae kutazama damu ya kompyuta?

Alhamisi ya mtihani alijua fika kinachomsubiri. Akifaulu, kesho yake anamfanyia upasuaji Namnyaki, mama wa watoto wawili kutoka Nduruma, aliyekwisha kulazwa na kumzoea hadi anamwita "dokta wangu".

Alianza vizuri. Kisha ncha ya mkasi ikagusa mshipa, skrini ikawa nyekundu. Agnela akakanyaga pedali.

Skrini haikufutika.

Akakanyaga tena. Damu ikazidi kupanda. Akaishindilia pedali kwa mguu mzima, na mikono yake, ile mikono iliyosifiwa, ikaganda kama si yake.

"Nimeichomoa," alisema Daktari Hedwiga, mwalimu wao, akiwa nyuma yake. "Zuia damu."

"Dokta, naomba nianze..."

"Zuia damu, Agnela!"

Hakujua aanzie wapi. Mashine ikapiga mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Mgonjwa amefariki, skrini ikaandika. Miezi yote ile hakuwahi kuzuia damu hata mara moja. Alikuwa akiikimbia tu.

"Kesho namfanyia mimi," alisema Hedwiga bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Wewe utanishikia kamera."

Ijumaa, Namnyaki akalala mezani. Agnela aliishika kamera kwa mikono yote miwili. Katikati ya kazi mshipa mdogo ukapasuka, damu ikaruka kwenye skrini. Hedwiga akaubana, akauchoma kwa umeme uzibe, akasafisha, akaendelea na kazi. Namnyaki alikuwa salama.

"Agnela, kamera inatikisika. Una nini?"

Agnela alitazama chini: mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu, unakanyaga, unakanyaga.